Kivuli cha Saa Ngapi? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Hisabati

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki mashairi, tamthilia na riwaya. Tukikutana na kitabu cha hisabati twakipisha kama mgeni asiyetuhusu, tukidhani kwamba lugha yake ni namba na alama tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo inatudhuru sisi na wanafunzi wetu. Tutachukua istilahi moja ya aljebra ya vekta, ile inayotaja kitendo cha kuiangusha vekta moja juu ya nyingine, nasi tutaipima kama tunavyolipima neno la mshairi. Je, neno lasema linalokusudia kusema? Na likiingia katika sikio la mtoto wa hapa Bujumbura, humfikisha kwenye maana au humpoteza njiani?

Kisa kilichonisukuma kuandika ni kidogo. Mwalimu mwenzangu wa hisabati huwasaidia wanafunzi wa sekondari siku za Jumamosi, barazani kwa mzee mmoja mtaani Buyenzi. Vitabu vyao ni vya Kifaransa, lakini mazungumzo ya baraza ni ya Kiswahili, kama yalivyo mazungumzo mengi ya mtaa huo. Mwenzangu alinialika nimsaidie kutafuta maneno, kwani vijana walikuwa wakikariri kanuni bila ya kujua inasema nini. Tulipofika kwenye somo hili nikajitia ujuzi, nikasema: "Chukueni kwamba vekta ya kwanza ni fimbo na ya pili ni ardhi. Tunachokitafuta ni kivuli cha fimbo juu ya ardhi."

Niliridhika na mfano wangu. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, ni kivuli cha saa ngapi?" Wenzake wakacheka. Mimi nikamjibu kwamba saa haina maana hapo, kivuli ni kivuli.

Jibu langu lilikuwa kosa, na halikuchukua muda kudhihirika. Mwenzangu aliwapa zoezi: vekta iliyosimama wima, juu ya vekta iliyolala chini. Jibu lake ni sifuri. Baadhi yao waliandika kwamba kivuli kina urefu sawa na fimbo yenyewe. Walipoulizwa wameyatoa wapi hayo, walijibu bila ya kusita kwamba alasiri ndivyo kivuli kilivyo. Hawakukosea hesabu, bali walilifuata neno langu mpaka lilikowapeleka. Aliyekosea ni mwalimu wa Kiswahili.

Kabla ya kuhakiki neno, hatuna budi kulieleza jambo lenyewe, kwa kuwa mhakiki asiyelijua jambo hawezi kulihukumu neno lake. Vekta twaweza kuifikiria kama mshale wenye urefu na mwelekeo. Tuchore ubaoni mshale F, unaokwenda hatua 1 kulia na hatua 7 juu, nao tuuandike (1, 7). Tuchore na mshale N unaoanzia palepale, ukienda hatua 1 kulia na hatua 2 juu, yaani (1, 2). F ni fimbo, N ni njia. Swali ni hili: katika mwendo wote wa F, ni sehemu gani inayofuata njia ya N?

Jibu hupatikana kwa kuteremsha mstari kutoka kwenye ncha ya F hadi kwenye mstari wa N, ili ikutane nao kwa pembe mraba. Pale inapogota ndipo mwisho wa sehemu tunayoitafuta. Kwa hesabu, kwanza twazidisha hatua za kulia za F kwa za N, na za juu kwa za juu, kisha twajumlisha: 1 mara 1, na 7 mara 2, jumla 15. Hilo huitwa zao la nukta la F na N. Halafu twafanya vivyo hivyo kwa N na N yenyewe: 1 mara 1, na 2 mara 2, jumla 5. Twagawa 15 kwa 5, twapata 3. Basi sehemu ya F inayofuata njia ya N ni N mara 3, yaani (3, 6).

Kinachosalia ni F ukitoa sehemu hiyo: (1, 7) ukitoa (3, 6) ni (-2, 1). Na tukitafuta zao la nukta la baki hilo na N, twapata 1 mara -2, na 2 mara 1, jumla sifuri. Sifuri hiyo ndiyo alama kwamba baki limesimama juu ya N kwa pembe mraba, wala halina hata chembe inayofuata njia ya N. Hivyo fimbo yetu imegawanyika mara mbili bila ya kupoteza kitu: sehemu iliyoifuata njia, na baki iliyoikataa kabisa.

Sasa tuyatazame maneno. Katika mazungumzo na walimu wenzangu nimeyasikia matatu: makadirio, mtupo na kivuli.

Neno makadirio hutokea kwa kuwa neno la Kizungu lina maana zaidi ya moja, na mojawapo ni hesabu ya mambo yajayo, kama tunavyosema makadirio ya mapato na matumizi ya serikali. Anayetafsiri kwa haraka huikamata maana ile ya ofisini na kuileta darasani. Dosari yake ni nzito. Kukadiria ni kukisia kwa akili pale ambapo kipimo kamili hakipatikani. Mwanafunzi akisoma "makadirio ya F juu ya N" ana haki ya kudhani kwamba jibu ni la karibu-karibu, na kwamba mwingine aweza kupata jibu jingine lisilo mbali. Kumbe (3, 6) ni jibu moja kamili, lisilo na zaidi wala pungufu. Neno hili ladanganya juu ya uhakika wa jambo, na katika hisabati huo si udanganyifu mdogo.

Neno mtupo lina asili inayoeleweka. Istilahi ya Kifaransa iliyomo katika vitabu vya wanafunzi wetu imetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kilichotupwa mbele. Aliyesema mtupo alitafsiri mzizi wa neno, na kwa hilo astahili heshima. Lakini mizizi ya maneno haipandiki popote. Kiswahili chasema kutupa wavu na kutupa jicho, ni kweli, ila maana inayotangulia akilini ni ile ya kuacha na kutokitaka tena: kutupa taka, kutupa mila, kumtupa mzazi. Katika hesabu yetu kinachowekwa kando ni baki, nacho kinachochukuliwa ni sehemu inayofuata njia. Anayeita sehemu iliyochukuliwa mtupo humfanya mwanafunzi aangalie upande usio wake.

Latubakia neno kivuli, nalo lina sifa ambazo mawili yaliyotangulia hayana. Kwanza, ni neno la kila mtu. Mtoto hulijua kabla ya kuingia shule. Pili, lina fimbo ndani yake: wahenga walisema kwamba kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua, na methali hiyo haiwezi kueleweka bila ya kuiona fimbo iliyosimama na mstari mwembamba uliolala chini. Tatu, kivuli hakiishi peke yake. Ni lazima kiwe cha kitu fulani, na juu ya kitu fulani. Sarufi ya neno yenyewe yadai vekta mbili. Nne, kivuli si kipya katika elimu ya hesabu. Al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarazm, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli mwanzoni mwa karne ya 11, na katika elimu ya pembe ya Waarabu neno lao la kivuli lilikuwa istilahi ya uwiano wa pembetatu.

Wala hatuna haja ya kwenda Khwarazm. Mtaani Buyenzi, kama ilivyo katika miji ya pwani, kivuli kimekuwa saa ya watu tangu zamani. Adhuhuri huingia jua linapopinduka, na kivuli kilichokuwa kikipungua kikaanza kurefuka. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, baada ya kuongeza kile kivuli kilichokuwapo mchana kati. Hiyo ni hesabu, tena hesabu yenye masharti. Mzee aliyejifunza haya chuoni hawezi kusema kwamba kivuli ni kivuli tu. Atauliza cha saa ngapi, kama alivyouliza yule msichana.

Hapa ndipo ilipo dosari ya neno kivuli, nayo ni dosari ya kuenea mno. Kivuli cha fimbo moja hubadilika tangu asubuhi hadi jioni. Chaweza kuwa kifupi kuliko fimbo, sawa nayo au kirefu kuliko yeye aliyeishika. Lakini sehemu ya F inayofuata N ni moja tu, na kamwe haizidi urefu wa F. Kwa hiyo katika vivuli vyote vya mchana kutwa, hesabu yetu yataka kimoja: kile kinachoanguka mwanga unapoupiga mstari wa chini kwa pembe mraba. Wanafunzi wangu walipewa neno lenye vivuli mia, wakachagua cha alasiri. Nani awalaumu?

Je, neno litupwe kwa ajili ya dosari hiyo? Sidhani. Mhakiki mwema halichomi shamba kwa sababu ya gugu. Kiswahili chenyewe kina dawa, kwani twasema jua la utosi, au jua li utosini, tukimaanisha jua lililosimama juu ya kichwa barabara. Basi napendekeza tuseme kivuli cha utosi: kivuli kinachoanguka mwanga ukiwa utosini mwa mstari unaokipokea. Neno moja dogo limeongezwa, na swali la msichana limejibiwa ndani ya istilahi yenyewe.

Zaidi ya hayo, mji wetu una bahati ya kuweza kulionyesha neno hili uani. Bujumbura iko yapata digrii 3 na theluthi kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mara mbili kila mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na karibu na tarehe 1 Oktoba, jua la mchana kati husimama utosini kweli, si kwa kusema tu. Saa yenyewe hutofautiana kidogo: mwezi Machi huwa kama saa sita na dakika 12, na Oktoba huwa kama saa sita kasoro dakika 8. Wakati huo fimbo iliyosimama wima kwenye uwanja tambarare haina kivuli pembeni. Kimekusanyika chini ya fimbo, urefu wake sifuri, sawasawa na jibu la zoezi tulilokosa. Na fimbo ya mita moja iliyoinamishwa digrii 60 kutoka ardhini itakuwa na kivuli cha sentimita 50, ambacho ndicho kivuli chake cha utosi kwa hesabu. Ukichelewa au ukiwahi siku moja hivi, kosa halitazidi upana wa kidole.

Tulinganishe na mji vilikotoka vitabu vingi vya wanafunzi wetu. Paris iko karibu digrii 49 kaskazini, na hata katika siku ya jua la juu kabisa la mwezi Juni, fimbo ya mita moja iliyo wima huko hubaki na kivuli cha zaidi ya sentimita 45. Mwanafunzi wa huko hajapata kukiona kivuli cha utosi juu ya ardhi tambarare katika mji wake. Wa hapa hukikanyaga mara mbili kwa mwaka, wala hakuna aliyemwambia kwamba ni somo la aljebra.

Istilahi nzuri hujulikana kwa kazi. Tuijaribu sasa hii yetu kwa makosa ambayo wanafunzi huyafanya mara nyingi, tuone kama neno litawaonya.

Kosa la kwanza ni kusahau kugawa. Mwanafunzi hupata 15, akaizidisha kwa N moja kwa moja, akaandika (15, 30). Akiwa na kanuni tupu, hana cha kumzindua. Akiwa na kivuli cha utosi, ataona kwamba fimbo yake haifiki urefu wa hatua 8, na kivuli alichokiandika chapita 33. Jua la utosi halirefushi kivuli. Ajua mara moja kwamba pana kitu alichokisahau. Tena ataelewa kwa nini twagawa kwa zao la N na N: urefu wa njia tuliyoichora usiwe na athari. Tukiichora N mara mbili, (2, 4), zao la nukta litakuwa 30, kigawanyo kitakuwa 20, na jibu litakuwa (2, 4) mara moja na nusu, yaani (3, 6) ileile. Kurefusha uwanja hakurefushi kivuli kinachoangukia uwanjani.

Kosa la pili ni kugeuza mpangilio. Zao la nukta la F na N ni sawa na la N na F, na kwa hiyo mwanafunzi hudhani kwamba kivuli cha F juu ya N ni sawa na cha N juu ya F. Sivyo. Cha N juu ya F ni 15 kugawa kwa 50, mara (1, 7), yaani (0.3, 2.1). Hapa walimu wa Kiswahili tuna la kusema, maana kosa hili mara nyingi hutokana na sentensi zetu. Tukisema "iangushie F N", hakuna ajuaye ipi yaanguka na ipi yaangukiwa. Tukisema "kivuli cha F juu ya N", kiungo cha humtaja mwenye kivuli, na juu ya hutaja pakiangukiapo. Msemo huo na ushikwe vivyo hivyo kila mara, wala usifupishwe.

Kosa la tatu ni kuogopa alama hasi. Fimbo ikiinamia nyuma, zao la nukta huwa hasi, na vijana hudhani wamekosea. Neno letu huwatuliza: kivuli cha fimbo iliyoinamia nyuma huanguka nyuma. Kiko kwenye mstari uleule, upande wa pili wa shina la fimbo.

Haki yadai tuseme pia mahali ambapo neno hili halitoshi, kwani mhakiki asifuye bila ya mipaka ni mpiga debe. Njia ya N katika mfano wetu ni mteremko, kama barabara zinazopanda milimani mashariki ya mji. Utosi wa mteremko si utosi wa mtu anayesimama juu yake. Ili kivuli kiwe cha kweli, mwanga uupige mteremko kwa pembe mraba, na hapo mwalimu ahitaji taa ya mkononi badala ya jua. Lazima aseme wazi kwamba utosi unaokusudiwa ni wa mstari. Asiposema hivyo, tutakuwa tumeliondoa kosa la saa na kulileta kosa la mahali.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Vekta yaweza kuwa na namba tatu, kumi au elfu. Hakuna jua wala uwanja wa vekta yenye namba elfu, ingawa kanuni ni ileile: zidisha, jumlisha, gawa. Katika takwimu, anayetafuta mstari unaozikaribia nukta zake kuliko mistari mingine yote hufanya kitendo hiki hiki: huangusha vekta ya vipimo vyake juu ya uwanja wa majibu yanayowezekana, na baki ndilo kosa alilojitahidi kulifanya dogo kuliko yote. Na hapa lazima nimrudishie haki yake yule aliyesema makadirio. Katika kazi hiyo ya takwimu, kivuli huwa ndicho kisio bora la kile tusichoweza kukifikia, na neno lake lina mahali pa heshima. Lakini hiyo ni kazi moja kati ya kazi nyingi za kivuli, nalo jina la kazi moja lisipewe kitu kizima. Nyundo huvunja nazi, wala hatuiiti kivunja-nazi.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tulikazanie neno ambalo hakuna mtihani wa Kiswahili utakaoliuliza. Tutazame historia. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika miaka ya 1970 Baraza lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikachapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo yote ni ya kujivunia. Lakini vekta ni somo la sekondari, na sekondari za Tanzania zimebaki na Kiingereza. Istilahi yetu basi iko ng'ambo ya mpaka: huko wanaifundisha kwa Kiingereza, hapa kwa Kifaransa, na Kiswahili kimeachwa mlangoni katika nchi zote mbili.

Hapa Burundi Kiswahili kilipata nafasi ya kufundishwa katika shule za msingi tangu katikati ya miaka ya 2000, na nchi ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Hata hivyo wengi bado wakiona kuwa lugha ya soko na ya bandari, inayofaa kupatana bei, isiyofaa kufikiria. Hatutaiondoa dharau hiyo kwa hotuba za kila tarehe 7 Julai peke yake. Msichana wa Buyenzi alipouliza kivuli cha saa ngapi, alikuwa akifikiri kihisabati, tena kwa Kiswahili, na alifikiri vizuri kuliko mwalimu wake. Alilipata sharti la pembe mraba ambalo kitabu kilikuwa kimelitaja kwa Kifaransa naye hakuliona. Mimi nilimnyamazisha kwa sababu sikulijua jambo, nikidhani kulijua neno kwatosha. Wangapi wengine tumewanyamazisha hivyo, kisha tukaandika katika ripoti kwamba hawana kipaji cha hesabu?

Nilirudi barazani Jumamosi iliyofuata. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa kosa. Alitikisa kichwa tu, akaendelea kuandika. Lakini mazoezi ya siku hiyo yalikuwa na "k.u." pembeni mwa kila mchoro, na nilipouliza ni nini, mwenzake akanijibu: "Ni kivuli cha utosi, mwalimu. Tumefupisha."

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo mawili. La kwanza, kila mwalimu wa Kiswahili aketi na mwalimu wa hisabati wa shule yake japo mara moja kwa muhula, wachukue istilahi tano za somo linalokuja, wazipime kwa swali hili: mwanafunzi akilifuata neno mpaka mwisho, atafika wapi? La pili, tarehe 1 Oktoba itakapofika, mbingu zikiwa safi, tuwatoe wanafunzi uani kabla ya saa sita wakiwa na fimbo, rula na kamba. Wapime fimbo ya wima, na iliyoinama mbele, na iliyoinama nyuma. Kisha warudi ndani waihesabu kila moja. Aliye na istilahi bora kuliko kivuli cha utosi na ailete katika kurasa hizi. Itahakikiwa kwa kipimo hiki hiki, nasi tutafurahi ikishinda.